Nani Analia Sehemu Inayofuata?

Mhusika wa seri akifa, swali la kwanza hapa Kalemie, mji wa Kongo kando ya ziwa Tanganyika, si nani kamuua. Muuaji watazamaji wamekwisha kumwona, au wamemshuku tangu wiki tatu nyuma. Swali linaloulizwa kwenye baraza la jirani mwenye dekoda, na kesho yake sokoni, ni la kilio. Kimefanyika wapi? Wajomba walifika? Nani alimshika mjane asianguke? Watoto wamekwenda kwa nani? Kwenye seri nyingi majibu hayapo kwa sababu kilio chenyewe hakipo. Mtu anapigwa risasi Jumanne, na Jumatano wenzake wamevaa suti safi wanagombania kampuni yake.

Wachambuzi wa tamthilia wamezoea kuvipanga vifo kwa ukubwa wa mshtuko: kipi kilitukuta hatuna habari, kipi kilitutoa machozi, kipi kilizungumzwa zaidi. Sikubaliani na kipimo hicho. Mshtuko ni kazi ya dakika moja, na mwandishi yeyote mwenye bastola ya bandia anaumudu. Ugumu uko kwenye sehemu inayofuata, pale ambapo marehemu ameacha kiti kitupu, deni, mtoto, na jina ambalo lazima mtu alirithi. Ukivipitia vifo vya seri kwa jicho hilo, orodha ya vilivyo bora inabadilika, na baadhi ya vile vinavyosifiwa duniani vinaporomoka.

Kalemie hupokea tamthilia nyingi kuliko inavyozitoa, na huzipokea kutoka pande zote kama inavyopokea sukari na sabuni. Kwa setilaiti zinashuka telenovela za Amerika ya Kusini na filamu za Nigeria, zote zimetiwa sauti za Kifaransa. Kinshasa inaleta michezo ya Kilingala, ile ambayo watu huiita maboke. Kutoka ng'ambo ya ziwa, kupitia Kigoma, zimekuja kanda, kisha diski, na sasa flashi na kadi za simu zilizojaa kazi za Dar es Salaam. Wakongo wengi walioishi kambi za Nyarugusu na Lugufu mkoani Kigoma walirudi na sikio la Kiswahili cha Tanzania, na majina ya waigizaji wake midomoni.

Kwa hiyo kifo kinaweza kufika kwa Kifaransa, kwa Kilingala au kwa Kiswahili, na namna ya kukipokea hubadilika. Bibi asiyefuata Kifaransa humtegemea mjukuu, na mjukuu huchuja: matusi anayaruka, mapenzi anayafupisha, kifo anakieleza chote. Umeme wa mji unatoka kwenye mtambo wa Bendera, mto Kyimbi, na ukikatika katikati ya sehemu mhusika hufia gizani. Wenye jenereta ndio mashahidi, wengine husimuliwa asubuhi. Kwenye flashi mambo huwa mabaya zaidi, maana mafaili yakipangwa ovyo marehemu wa sehemu ya 40 ataonekana anaoa katika sehemu ya 38 iliyochezwa baadaye, na chumba kizima kitacheka.

Msimulizi wa asubuhi, hata hivyo, hufanya kazi ambayo mwongozaji ameiacha. Anaongeza kilio. Anaeleza mama wa marehemu angekuwa wapi, anamlaumu kaka ambaye seri haikuwahi kumtaja. Watafsiri wa filamu wa Dar es Salaam, Lufufu akiwa miongoni mwa waliovuma zaidi, walijenga jina kwa ufundi wa aina hiyo. Walizungumza Kiswahili juu ya filamu za nje, wakaeleza, wakatania, wakampa mtu wa kwenye kioo ukoo na tabia ambazo filamu haikumpa.

Sababu za kumuua mhusika ziko nyingi, na isiyo na heshima kuliko zote ni mkataba. Mwigizaji anataka kuondoka, au mshahara umegombaniwa, na mwandishi anapewa siku chache za kumtafutia ugonjwa. Dan Stevens hakutaka kuendelea na seri ya Uingereza Downton Abbey, basi Krismasi ya 2012 mhusika wake, Matthew Crawley, ametoka kumbeba mwanawe mchanga kwa mara ya kwanza, akafa kwa ajali ya gari barabarani. Waingereza walikasirika kwamba wameharibiwa sikukuu. Lakini msimu uliofuata ulimfungua Mary, mjane wake, akiwa amevaa nyeusi, hawezi kumtazama mtoto, na hilo lilikiokoa kifo ambacho kilianza kama karatasi ya ofisini.

Mfano bora wa kifo cha mkataba ni wa zamani zaidi. MASH ilikuwa seri ya vichekesho kuhusu hospitali ya jeshi la Marekani katika vita vya Korea. Mwaka 1975 McLean Stevenson alikuwa anaondoka, na mhusika wake, Henry Blake, akaagwa kwa shangwe, akapanda ndege kurudi kwao. Sehemu ile, ya tarehe 18 Machi, ingeweza kuishia hapo. Badala yake karani Radar anaingia chumba cha upasuaji na kusoma ujumbe: ndege imedunguliwa, hakuna aliyepona. Waigizaji walikuwa wamefichwa ukurasa huo hadi dakika za mwisho. Watu wengi husimulia jinsi walivyoshtuka. Mimi huangalia mikono ya madaktari. Hawaachi kushona majeruhi. Kilio kinafanyikia kazini, nyuma ya barakoa, kwa sababu aliye mezani bado yu hai na anavuja damu. Wauguzi waliofanya kazi katika hospitali za mashariki mwa Kongo wakati wa vita hawahitaji kuelezwa tukio hilo.

Baada ya mkataba huja tamaa ya kumwamsha mtazamaji. Game of Thrones ilimkata kichwa Ned Stark mwaka 2011, kabla msimu wa kwanza haujaisha, ingawa ndiye aliyekuwa amekaa kwenye bango la seri. Miaka miwili baadaye ikachinja familia yake arusini. Vifo hivyo viwili vinasifiwa kwa ujasiri wake, na ni kweli ujasiri ulikuwepo, ila sababu ya kudumu kwake ni nyingine: watoto wa Stark waliendelea kuomboleza kwa misimu mingi, kila mmoja kwa njia yake, mmoja kwa kulipiza kisasi, mwingine kwa kujifunza siasa. Misimu ya mwisho ya seri hiyohiyo iliua watu kwa makundi, na muda wa mtu kukaa chini akamlilia mwenzake ukawa mchache. Ndiyo maana watazamaji walikumbuka joka na moto, majina ya wafu wakayasahau.

La Casa de Papel ya Hispania ilifanya vizuri zaidi kwa mhusika aliyebeba jina la mji wetu wa Afrika Mashariki. Nairobi aliuawa katika sehemu zilizotoka Aprili 2020, wakati nusu ya dunia imejifungia ndani kwa sababu ya Covid-19. Waandishi hawakumwacha sakafuni. Jeneza lake linatolewa nje ya benki mbele ya umati, na majambazi wenzake wanaobaki ndani wanachanganyikiwa kwa huzuni. Buffy the Vampire Slayer, seri ya mazimwi na vijana wa sekondari, ilikwenda mbali kuliko zote mwezi Februari 2001. Mama wa msichana shujaa anafariki kwa ugonjwa wa kawaida, hakuna zimwi lililomgusa, na sehemu nzima inahusu saa chache baada ya mwili kukutwa. Hakuna muziki hata kidogo. Watu wanabadilisha mashati kwa sababu hawajui la kufanya.

Waswahili wa pwani walikuwa na maarifa hayo kabla ya televisheni kuzaliwa. Fumo Liyongo, katika utenzi ambao Muhammad Kijumwa aliuandika mwaka 1913, anachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, aliyehongwa na mtawala wa Pate. Kuchomwa kwenyewe ni jambo la mara moja. Kisha Liyongo anajikokota hadi kisimani, anapiga goti, anavuta upinde, anafia hapo akiwa amelenga. Mji unakaa bila maji kwa siku kadhaa kwa hofu ya maiti. Mama yake anaombwa aje kumtuliza, na anakuja, akidhani mwanawe amekasirika. Mwana msaliti hapati alichoahidiwa. Mwandishi wa seri akipewa kisa hicho leo angemaliza msimu kwenye sindano. Kijumwa alielewa kwamba kisa ni kisima, mama, na mji wenye kiu.

Sasa kuna kanuni moja ya seri ambayo watazamaji wa dunia nzima wanaijua bila kufundishwa: usipoona maiti, usiamini kifo. Arthur Conan Doyle alimtupa Sherlock Holmes kwenye maporomoko ya Reichenbach, Uswisi, mwaka 1893, mwili haukupatikana, na mwaka 1903 Holmes akaanza kutembea tena London. Dallas ya Marekani ilivuka hata mpaka huo. Bobby Ewing alifia kitandani Mei 1985 mbele ya ukoo wake wote, na Mei 1986 mwanamke aliyewahi kuwa mke wake akamkuta anaoga. Ikaelezwa kwamba msimu mzima ulikuwa ndoto ya mwanamke huyo. Telenovela zimeigeuza kanuni kuwa biashara: gari linatumbukia mtoni, msiba unapita haraka, na sehemu 60 baadaye mwanamke anarudi na jina jipya, nywele mpya na orodha ya watu wa kuwalipa.

Kando ya Tanganyika kanuni hiyo ina uzito mwingine. Desemba 2014 meli ya MV Mutambala ilipinduka ziwani, na zaidi ya watu 120 wakafa. Mitumbwi na boti za injini huzama pia, na nyingi jina lake halifiki kwenye redio. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na halirudishi kila lilichochukua. Mwili usipopatikana, ukoo hulazimika kuamua jambo ambalo hakuna anayetaka kulitamka wa kwanza: ni lini tuketi kilio? Ukiketi mapema, umemzika mtu ambaye pengine kaokotwa upande wa Tanzania na hana simu. Ukichelewa, unamnyima haki yake. Mke wa aliyepotea hajui kama ni mjane. Mwenye deni hajui amdai nani.

Katika mji kama huu, aliyezama anaporudi kwenye seri akiwa hai na shati limepigwa pasi, si kila mtu chumbani anapiga makofi. Wako ambao tumaini hilohilo limewanyima usingizi kwa miaka. Nimesikia watu wazima, wa kanisani na wasio wa kanisani, wakisema visa vya namna hiyo vingepigwa marufuku, kwamba vinawadanganya watu. Naona wamelenga pasipo. Kurudi kwa aliyedhaniwa amekufa ni kisa cha kweli kabisa kwa sehemu hii ya Kongo: vita vya tangu 1996 viliwatawanya watu hadi Zambia, Tanzania na Msumbiji, na wapo waliorudi baada ya kilio chao kumalizika, wakakuta wake zao wameolewa. Kosa la telenovela ni kumfuata anayerudi na kuwaacha waliongoja. Kamera inapaswa kubaki nyumbani. Sehemu 60 za mwanamke anayehesabu boti zinazoingia bandarini, huku mashemeji wakimkumbusha kwamba nyumba ni ya ukoo, zingekuwa tamthilia kubwa, na mwandishi wake hangehitaji hata kuamua kama mume yu hai.

Aina nyingine ya kifo, na hii imepewa fedha nyingi Afrika Mashariki, ni kifo cha kufundisha. Julai 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, tamthilia ya redio iliyojengwa kwa mbinu za Miguel Sabido wa Mexico. Katikati yake alikuwepo Mkwaju, dereva wa malori mwenye wanawake kila kituo. Mkwaju anapata Ukimwi na kufa. Mke wake, Tunu, ndiye anayejifunza kusimama mwenyewe. Dodoma haikurushiwa tamthilia hiyo hadi 1995 ili watafiti walinganishe wasikilizaji na wasiosikia, na matokeo yaliyochapishwa yalionyesha kwamba penye Mkwaju watu walibadilika zaidi kuhusu uzazi wa mpango na kinga.

Ni rahisi kuidharau sanaa ya mashirika, na mara nyingi inastahili. Wahusika wa namna hiyo hutembea na kosa lao limeandikwa kwenye paji la uso, na mtazamaji hujua katika dakika ya tatu nani atazikwa. Mkwaju alinusurika na udhaifu huo kwa sababu mbili. Alikuwa mcheshi, watu walimpenda kabla ya kumhukumu. Pia hakufa ghafla. Tamthilia ya wiki kwa wiki ilimruhusu augue taratibu mbele ya masikio ya taifa, wakati ambapo nyumba nyingi zilikuwa na mgonjwa wa aina hiyo ambaye ugonjwa wake haukutajwa. Redio ilifanya kilio cha wazi kwa kifo kilichokuwa kinafichwa. Hapo somo na sanaa vilikutana, jambo lisilotokea mara nyingi.

Kifo cha hukumu kinafanana na cha kufundisha, ila hakimu si daktari. Mtafiti Mbelgiji Katrien Pype, ambaye kitabu chake kuhusu seri za Kinshasa kilitoka mwaka 2012, alifanya kazi karibu na kundi la waigizaji la Cinarc. Anaonyesha jinsi hadithi zao zinavyosukwa kutoka ibada za makanisa ya uamsho: ugonjwa una mtu nyuma yake, maombi ya mchungaji yanamfichua, mchawi anatubu au anaangamia. Filamu nyingi za Nigeria zilizofika kwetu zimefuata njia hiyo. Moto unashuka, mhalifu anaanguka, watu wanaimba.

Nina tatizo na vifo hivi, na si kwa sababu ya imani. Hapa vifo vingi huja na tuhuma. Kijana akifa, wapo watakaomtazama bibi mzee. Tuhuma za uchawi zimewatoa wazee makwao na watoto mitaani, Kinshasa na katika miji mingine ya Kongo. Seri inapoonyesha kwamba mtuhumiwa kweli alikuwa mchawi, na kifo chake hakina wa kumlilia, imefunga mlango ambao maisha huuacha wazi. Mchawi wa kwenye seri ndiye mhusika pekee anayekufa bila ukoo. Hana dada. Hana mjukuu aliyempenda. Siku mwandishi wa Kinshasa au Lubumbashi atakapotuonyesha kilio cha mtu aliyeuawa kwa tuhuma, na mtu mmoja tu akaja kuketi kwenye mkeka, itakuwa sehemu ngumu kuliko zote kutazamwa, na mapromota hawatapenda.

Neno fupi kuhusu wanawake. Hesabu mama wangapi wa kwenye seri hufa katika sehemu ya kwanza ili mtoto wa kiume apate sababu ya kusafiri, na wasichana wangapi wa kazi hufa ili tajiri ajifunze huruma. Hao hawafi kwa ajili yao wenyewe. Wanafagia njia ya mwingine.

Kinyume chake kuna kifo ambacho mwandishi hakukipanga. Charles Bukeko, aliyekuwa Papa Shirandula kwenye Citizen TV ya Kenya, alifariki tarehe 18 Julai 2020 kwa Covid-19. Mhusika na mtu walikuwa wamegawana jina kwa zaidi ya miaka kumi, na kipindi hakikuweza kusimama bila yeye. Steven Kanumba, aliyeanzia kwenye tamthilia za kundi la Kaole kabla ya kuwa nyota wa filamu za Tanzania, alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, na maelfu walijaa viwanja vya Leaders kumuaga. Kalemie ililia pia, kwa kuwa uso wake ulikuwa umefika hapa kwa diski kabla ya nyuso za mawaziri wengi. Baada ya hapo diski zake ziliendelea kuuzwa, na katika baadhi yake alikuwa anakufa kwa kuigiza. Watu walizitazama kwa namna nyingine. Kuna waigizaji hadi leo wasiokubali kulala jenezani mbele ya kamera, na baada ya Kanumba ni vigumu kuwacheka.

Watu wa Sesame Street, kipindi cha watoto cha Marekani, walikabili jambo hili kwa adabu ambayo seri za watu wazima hazijaifikia. Will Lee, aliyeigiza mwenye duka Bwana Hooper, alifariki Desemba 1982. Wangeweza kusema Hooper amehama. Wakasubiri karibu mwaka mzima, na Novemba 1983 wakawaeleza watoto ukweli. Big Bird, ndege mkubwa wa manjano, anagawa picha alizowachorea marafiki zake, anamtafuta Hooper ampe yake, na watu wazima wanalazimika kumweleza kwamba aliyekufa harudi. Hawajui kujibu maswali yake yote, na hawajifanyi wanajua. Waigizaji wanaolia pale walikuwa wanamlilia mwenzao.

Mkoa wa Tanganyika, ambao Kalemie ndiyo makao yake makuu tangu 2015, umekuwa na vifo vya kutosha visivyo vya kuigiza. Mapigano ya Watwa na Waluba ya 2016 na 2017, katika maeneo ya Nyunzu, Kabalo, Manono na Kalemie, yaliua mamia na kuwatoa makwao mamia ya maelfu. Mtu anaweza kuuliza nani ana haja ya msiba wa kubuni katika mji uliozungukwa na kambi. Jibu moja limetolewa na michezo shirikishi ambayo Search for Common Ground, inayojulikana Kongo kama Centre Lokole, imeitumia mashariki mwa nchi. Waigizaji husimama uwanjani na kuonyesha ugomvi, kisha hukatiza kabla haujaisha, na mtazamaji huruhusiwa kuingia na kubadilisha mkondo. Kifo kinaweza kuzuiwa na mama muuza samaki aliyeinuka kutoka kwenye benchi. Ni sanaa yenye manufaa. Upungufu wake ni kwamba inashughulika na kifo kinachoweza kuzuiwa, na watu wengi waliokaa kwenye benchi wanabeba kile ambacho hakikuzuiwa.

Hapo ndipo tamthilia ya kihistoria ingeingia. Uturuki imeonyesha nguvu yake. Seri ya Muhteşem Yüzyıl iliporusha, Februari 2014, kunyongwa kwa Mustafa, mwana wa Sultani Suleiman, watu walimiminika kwenye kaburi lake mjini Bursa, ingawa aliuawa mwaka 1553. Kila mtoto wa shule alijua mwisho wake. Kujua hakukuzuia machozi, na machozi yalikuwa na mahali pa kwenda.

Sisi tuna visa vya namna hiyo na hatujaviandika. Jason Sendwe, kiongozi wa chama cha Balubakat, aliuawa hapahapa, mji ukiitwa bado Albertville, mwezi Juni 1964, wakati wa uasi. Kwenye simulizi ya Waluba, Nkongolo anamchimbia mpwawe Kalala Ilunga shimo la mikuki na kulifunika kwa mkeka wa kuchezea ngoma, na mwisho ni yeye Nkongolo anayekatwa kichwa. Lakini kisa ambacho kinanisumbua zaidi ni cha Lusinga.

Lusinga lwa Ng'ombe alikuwa mtawala wa Watabwa kusini mwa Kalemie ya leo, mtu wa bunduki na biashara ya watumwa, aliyeogopwa na majirani zake. Mwaka 1883 Mbelgiji Émile Storms alijenga kituo Mpala, ufukweni. Hapakuwa na nafasi ya wababe wawili. Desemba 1884 watu wa Storms walimshambulia Lusinga, wakamkata kichwa, wakakipeleka Mpala. Storms alipoondoka alibeba fuvu hilo hadi Ubelgiji, pamoja na sanamu ya mti ya ukoo wa Lusinga. Wataalamu wakalipima fuvu, na likaingia kwenye mkusanyo wa makumbusho. Mwaka 2018 mwandishi wa habari Michel Bouffioux aliifufua habari hiyo kwa Wabelgiji, na Juni 2022 sanamu ya Storms iliondolewa kwenye bustani ya Square de Meeûs, Brussels.

Angalia kisa hiki kilivyo kigumu kwa mwandishi mvivu. Lusinga si shujaa safi: kuna wajukuu wa watu aliowauza. Storms si jini: alikuwa ofisa wa kawaida mwenye daftari, na unyama wake uko humo kwenye ukawaida. Kichwa kikikatwa katika sehemu ya nane, kazi ndiyo inaanza, kwa kuwa mwili umebaki upande mmoja wa dunia na kichwa upande mwingine, na hakuna kilio kinachoweza kufungwa hivyo. Mrithi wake anatawala akiwa na pengo gani? Waliouzwa na Lusinga wanasema nini wanaposikia kwamba Brussels wanamwita mhanga? Nani ana haki ya kwenda kulidai fuvu: ukoo, mkoa, au serikali ya Kinshasa, na likirudi litashukia bandari gani?

Vijana wa Kalemie wenye kamera wapo, na simu zao zinapiga picha nzuri kuliko mitambo iliyorekodi Kaole. Wasianzie kwenye panga. Storms aweza kuuawa na malaria ya kubuni katika rasimu ya kwanza, kila mwandishi hulipiza kisasi kidogo, lakini waifute: alirudi kwao, akapanda cheo, akazeeka. Watakacholazimika kuamua mapema ni kama sehemu ya mwisho inapigwa Mpala au Brussels, maana bajeti ya boti na bajeti ya viza hazitoki mfuko mmoja.